Meno ya Bonasi

Zamani za wazee wetu, pengo halikuwa aibu. Wakipsigis wengi waliokulia enzi za ukoloni waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini wakiwa bado wadogo, kwa kusudi, na aliyebaki nayo ndiye aliyechekwa. Wanandi walifanya vivyo hivyo, na majirani zetu Wajaluo wakaenda hadi meno sita. Ukiuliza sababu utapewa zaidi ya moja: alama ya kabila, urembo, na ile inayonipendeza mimi, kwamba mtu akipatwa na pepopunda na taya zikakazana, pengo ndilo mlango wa kumnyweshea maziwa.

Siku hizi pengo limekuwa aibu, tena lina bei. Kila mwaka bonasi ya majani chai, malipo ya ziada ya mkulima, ikikaribia, familia za huku Kaplong, kaunti ya Bomet, hukaa chini kugawa pesa ambazo bado hazijaingia: karo, mabati, ng'ombe wa maziwa, deni la duka. Miaka ya karibuni nimeanza kusikia kitu kipya kwenye hesabu hizo: meno ya mama. Au ya baba. Watoto walio Nairobi na Nakuru huchanga, bonasi humalizia, na mzee anapelekwa kupimwa kinywa.

Ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyolifanya. Tunanunua meno kama tunavyonunua viatu, tukidhani saizi ikishapatikana kazi imekwisha. Miezi mitatu baadaye meno yamefungwa kwenye leso juu ya kabati, na mwenyewe amerudia uji. Ukimuuliza atasema yanamuuma, au atasema "yale si yangu", au atacheka tu huku mkono umeziba mdomo. Pesa zimekwenda. Watu humlaumu mzee: amezoea vibaya, hana subira, haheshimu jasho la watoto. Mimi lawama naiweka kwa anayeuza na kwa anayelipa. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba kutafuna kwa meno ya bandia ni kazi ya kujifunza, kwamba mafunzo yenyewe huchukua wiki na pengine miezi, na kwamba kurudi kwa daktari mara mbili tatu ni sehemu ya bei.

Tujue kwanza tumefikaje hapa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba miongoni mwa watu wa miaka 60 na zaidi, asilimia 23 hawana jino hata moja. Wengi wetu huku tunafikia hali hiyo kwa njia hii. Jino linaanza kuuma, tunalipoza kwa dawa za duka, linatulia, linarudi kwa kishindo usiku, na asubuhi tunakwenda kuling'oa. Kuziba jino ni kwa anayekwenda mapema, na anayekwenda mapema ni nadra. Fizi nazo zina sehemu yake: utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta karibu watu wazima wote waliopimwa wana fizi zinazotoka damu. Ufizi unaotoka damu miaka yote unaweza hatimaye kuachia jino, hata jino lisilo na tundu. Ukiongeza sukari tunayoimimina kwenye chai ya maziwa, tena vikombe vitano sita kwa siku kwa mtu anayeishi katikati ya mashamba ya chai, hesabu inajipiga yenyewe.

Basi meno yakishakwisha, yanatengenezwaje mengine? Daktari hukuwekea mdomoni trei yenye unga uliokorogwa kwa maji, unga uliotokana na mwani, unaoganda kama ugali baridi na kuchukua umbo la fizi zako. Chapa hiyo ndiyo fundi wa maabara anayoifanyia kazi. Halafu unarudi kupimwa namna taya zinavyokutana. Halafu unarudi tena kuyajaribu meno yakiwa yamepangwa kwenye nta, kabla hayajapikwa kuwa plastiki ngumu ya waridi.

Hapo kwenye nta ndipo penye jambo. Nimewahi kukaa chumbani wakati mzee mmoja wa upande wa Ndanai akijaribu meno yake ya chini. Fundi alikuwa ameyapanga yote bila kuacha nafasi, safi, yamenyooka. Mzee akajitazama kwenye kioo kidogo, akageuza uso huku, akageuza kule, kisha akasema hamjui yule. Akataka meno mawili ya katikati yaondolewe. Fundi, kijana, akacheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mzee alikuwa ameishi na pengo lile zaidi ya miaka sitini, alichumbia akiwa nalo, na rika lake lote lilikuwa nalo. Meno yakiwa bado kwenye nta, kuondoa mawili ni kazi ya dakika chache, na kijana, kwa heshima yake, aliyaondoa. Yaliyosalia yalipikwa hivyo, pengo likiwa mahali pake. Mzee yule anavaa meno yake mpaka leo. Sidhani angeyavaa kama fundi angeng'ang'ania.

Wengine huharakishwa hatua hiyo. Wanaambiwa wafumbe, wafumbue, "yako sawa mama?", na mama anajibu yako sawa kwa sababu daktari ana haraka na foleni ni ndefu. Mama wa huku hambishii daktari. Ndiyo maana mtoto aliyelipa anatakiwa awepo siku ile, aketi naye, na amsemee.

Historia ya meno haya, kwa wanaoipenda, ina sehemu yetu ndani yake. Kabla ya plastiki, matajiri wa Ulaya na Marekani walichongewa meno kwa pembe za ndovu na kwa meno ya kiboko, bidhaa ambazo pwani yetu ilizisafirisha kwa wingi katika karne ya 19 kupitia Zanzibar. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa na kuuzwa kwa waliohitaji tabasamu. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebaki na jino lake moja tu la asili. Mengine yalikuwa mchanganyiko wa pembe, meno ya watu na vyuma, yakishikiliwa na springi. Wengi huambiwa yalikuwa ya mbao. Hayakuwa ya mbao, na hayakuwa na raha. Katikati ya karne ya 19 ikaja raba ngumu, na kuanzia miaka ya 1930 ikaja plastiki ya akriliki tunayoitumia mpaka sasa. Kwa hiyo mama wa Kaplong aliyevaa seti ya akriliki ana meno bora kuliko ya Washington. Taabu ya wiki za kwanza, hata hivyo, ni ileile.

Na taabu yenyewe ina sababu. Bamba la juu linakaa kwa kunyonya: linafunika kaakaa lote, mate yanajaa katikati, hewa inatoka, nalo linang'ang'ania. Bamba la chini halina kaakaa la kushikia. Lina umbo la kiatu cha farasi, limeketi juu ya ukingo mwembamba wa ufizi, na ulimi unalisukuma kila unaposema au kumeza. Ndiyo maana karibu kila mvaaji atakwambia la juu halina shida na la chini ni adui. Hilo si kosa la fundi. Dawa yake ni kuufunza ulimi: ncha yake itulie nyuma ya meno ya mbele ya chini, ikilizuia bamba lisiinuke. Ulimi uliozoea kutangatanga miaka yote hauwezi kujua hayo kwa kuambiwa mara moja mlangoni.

Siku za kwanza kinywa kinadhani kimewekewa chakula. Mate yanamwagika. Mtu anatema, anameza, anatema tena, na anaanza kuogopa kwenda kanisani. Wengine hupatwa na kichefuchefu bamba la juu likigusa nyuma. Mashavu yanaumwa kwa sababu yalishazoea kuanguka ndani. Halafu vinatokea vidonda, pale ambapo ukingo wa plastiki unabonyeza ufizi. Mate na kichefuchefu hupungua vyenyewe kadiri siku zinavyosonga. Vidonda haviishi kwa kuvumilia. Vinahitaji daktari aone mahali penyewe na akwangue plastiki kidogo, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea.

Kuna usemi pia. Kikipsigis, kwa bahati nzuri, hakina sauti za f na v, ambazo humsumbua mvaaji mpya. Lakini kina s na ch kwa wingi, na salamu yetu yenyewe, chamgei, huanzia hapohapo. S hupiga mluzi, ch huteleza, na mjukuu asiye na adabu huangua kicheko. Ushauri wa kawaida ni kusoma kwa sauti peke yako, gazeti au Biblia. Mimi nina ushauri wa nyumbani. Simama pale njia panda ya Kaplong saa moja asubuhi uwasikilize makondakta, halafu nenda nyumbani ukayarudie mbele ya kioo majina ya vituo wanavyoviita: Sotik, Keroka, Kisii, Kapkatet, Litein, Kericho, Silibwet, Bomet, Longisa. Ongeza Mogogosiek na Siongiroi kwa wiki ya pili. Ukiweza kusema Mogogosiek kwa kasi ya kondakta bila bamba la chini kuruka, umefuzu.

Chakula ndicho kinachowatoa watu machozi, na ndicho kinachotakiwa kuzungumzwa kwa kituo, maana hapa petu mtu asiyeweza kula na wenzake ameshatengwa nusu.

Tuanze na chai. Watu wa nchi ya chai hunywa chai ikiwa moto wa birika, na mzee hupima moto wake kwa kaakaa. Sasa kaakaa limefunikwa. Plastiki haipitishi joto upesi, kwa hiyo chai inayoonekana ya vuguvugu mdomoni hufika kooni ikiwa moto wa kuunguza. Nimeona mtu akiruka kitini. Mdomo wa nje haukufunikwa, ndio uutumie: gusisha kikombe, subiri, kisha unywe. Wengine hulalamika kwamba chai imepoteza ladha. Ladha nyingi huonjwa na ulimi, na ulimi wako unao bado. Kilichopotea ni ile hisia ya kaakaa, na kwa wengi kinywa huzoea. Madoa ya chai nayo yatakuja kwenye plastiki kama yalivyokuja kwenye meno ya asili. Hayo ni ya kusuguliwa kila siku, si ya kusubiriwa mpaka Krismasi.

Mursik, maziwa yetu ya mgando, ni baraka ya wiki ya kwanza. Ni laini, ina nguvu, haidai kutafuna. Lakini mursik ya kweli ina mkaa wa mti wa senetwet uliosagwa ndani ya kibuyu chake, sotet, na chembe moja ya mkaa ikiingia chini ya bamba la chini, mtu husimama kikombe kikiwa mkononi kama aliyekanyaga msumari. Yule asiyejua atasema meno ni mabaya. Toa bamba, suuza kwa maji, rudisha, maliza kikombe chako.

Kimyet, yaani ugali, si tatizo, mradi tonge liwe dogo. Mboga zikatwe ndogo kuliko ulivyozoea, na mpishi akumbushwe bila kelele. Siri yenyewe ni kugawa chakula pande mbili na kutafuna kushoto na kulia kwa pamoja. Bamba ni kipande kimoja: ukibonyeza upande mmoja tu, upande wa pili unainuka na chakula kinaingia chini yake. Maisha yetu yote tumetafuna upande mmoja, kwa kawaida ule usiouma, kwa hiyo hili peke yake ni mazoezi ya wiki nyingi.

Nyama ina heshima yake. Kwa meno ya bandia mtu hana nguvu ya kung'ata aliyokuwa nayo kwa meno yake. Amebaki na robo yake, au pungufu ya hapo. Kung'ofoa nyama mfupani kwa meno ya mbele ndiko kunakofanya bamba la juu lianguke mbele za watu. Tumia kisu, ukate vipande vidogo, utafune taratibu, na uanze na nyama ya kuchemsha kabla ya choma. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe kwa kidole gumba kama tunavyopukuchua ya mbegu. Muwa, tusidanganyane, mwachie mjukuu.

Nilihudhuria koito moja, sherehe yetu ya mahari, ambapo mzee wa upande wa bibi harusi alizungumza vizuri sana, taratibu, kila neno mahali pake, na watu wakasifu hekima yake. Nilikuwa nimeketi karibu. Alikuwa anasema taratibu kwa sababu bamba la chini lilikuwa linaelea. Nyama ilipoletwa alikohoa, akafuta mdomo kwa leso, na leso ikaingia mfukoni ikiwa nzito kuliko ilivyotoka. Akala kwa fizi, mchuzi na maini. Watu wote waliona na hakuna aliyesema neno, na mimi naiheshimu adabu ile, lakini ndiyo inayotuumiza. Mzee yule alikuwa na kidonda kilichotaka dakika tano za daktari. Mimi mwenyewe nilinyamaza.

Aibu nyingine ni ya usiku. Meno haya yanatakiwa kutolewa wakati wa kulala, yasafishwe, yalale ndani ya maji safi ya baridi, ili ufizi upumue. Anayelala nayo mwaka baada ya mwaka hukaribisha fangasi, na kaakaa lake huwa jekundu kama lililounguzwa ingawa pengine halimuumi. Sasa mwambie hayo mama ambaye mumewe hajawahi kumwona bila meno. Au mjane aliyeolewa tena. Madaktari hutoa agizo hili kwa sentensi moja, "toa usiku", bila kuuliza mtu analala na nani. Mahali ambapo haiwezekani usiku, saa kadhaa za mchana shambani au jikoni zinafaa kuliko kutotoa kabisa. Na bakuli la kuwekea meno liwe na kifuniko, liwekwe mbali na vikombe vya chai. Nyumba zenye watoto wadogo zinajua kwa nini nasema hivyo.

Kuhusu usafi nina mengi ya kulalamikia, nitataja machache. Mkaa na majivu tuliyosugulia meno utotoni hayafai kwa akriliki. Yanaichubua, na kwenye michubuko ndipo uchafu unapojificha. Dawa nyingi za meno nazo zina chembe zinazochubua. Brashi laini, sabuni ya kawaida na maji vinatosha. Maji yasiwe ya moto, maana plastiki hupinda, na bamba lililopinda halirudi. Safisha juu ya beseni lenye maji, ili likikuponyoka mkononi lianguke majini badala ya sakafuni. Na fizi zenyewe, pamoja na ulimi, zisafishwe pia, hata kama hakuna jino lililobaki.

Halafu kuna mafundi wa nyumbani. Bamba linauma, mtu anachukua msasa au wembe analikwangua mwenyewe, anakwangua pasipouma, bamba linalegea, analitupa. Limevunjika katikati, analiunga kwa supaglu, gundi isiyotengenezwa kwa ajili ya kinywa, na vipande vinaungana vikiwa vimepishana kidogo tu, kiasi cha kuleta vidonda vipya kila mahali. Fundi wa maabara anaweza kuunga bamba lililovunjika vizuri kabisa akipewa vipande vyote. Baada ya supaglu kazi hiyo huwa ngumu.

Jambo moja zaidi la kitaalamu, kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi mwingi wa pesa. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishikilia hauna kazi tena, nao unanywea. Hunywea kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavaaji wa meno ya bandia kwa muda wa miaka 25, na akaonyesha kwamba taya la chini hupoteza mfupa karibu mara nne ya taya la juu. Kwa hiyo meno yaliyotengenezwa mara tu baada ya kung'oa yatalegea, na hilo linajulikana kabla hata hayajapikwa. Yatahitaji kujazwa upande wa ndani, na baada ya miaka kadhaa kutengenezwa upya. Asiyeambiwa haya huamini ametapeliwa, na jirani yake naye akisikia haendi tena. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana chuo kikuu cha McGill kule Kanada walisema mtu asiye na meno ya chini afaa kuanzia kwenye bamba lililoshikiliwa na skrubu mbili zilizopandwa mfupani. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mfuko wa Kanada. Sisi tutaendelea na bamba linaloelea, ndiyo sababu mafunzo kwetu yana uzito kuliko kwao.

Sasa tuzungumze na wanaouza. Kenya haikosi wataalamu kwa kukosa vyuo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kinafundisha mafundi wa maabara pamoja na maafisa wa afya ya kinywa wa jamii. Kutoka Kaplong mtu anaweza kupanda matatu kwenda hospitali za Tenwek, Longisa, Litein, Kapkatet au Kericho na kurudi siku hiyohiyo. Lakini nauli ya kurudi mara nne, na siku nne za kutochuma chai, ni pesa ambazo hazikuwa kwenye bei aliyotajiwa. Bei inayotajwa ni ya meno. Marekebisho yanaitwa huduma nyingine, au hayatajwi kabisa, na mgonjwa anayesikia atalipia tena kumuona daktari kwa kidonda kilicholetwa na bidhaa ya daktari huyohuyo hukaa nyumbani. Mimi pia ningekaa.

Madaktari wana jibu, na nimelisikia: wagonjwa hawarudi. Tunawapa tarehe, hawaji. Ni kweli. Lakini aliyekwishalipa yote hana cha kumrudisha, na aliyekwishapokea yote hana cha kumtafuta. Acheni sehemu ya malipo, iwe ya tano au ya nne, idaiwe ziara ya tatu, wakati mgonjwa ameketi mbele yenu na ametafuna kipande cha mkate mkimwangalia. Mtaona jinsi simu zitakavyopigwa. Na marejeo yapangwe siku ya soko, siku ambayo mama angekuja mjini hata hivyo. Kaunti za Bomet na Kericho ziwape maafisa wa afya ya kinywa walioko hospitali ndogo kifaa cha kukwangulia na ruhusa ya kushughulikia vidonda vya meno ya bandia, ili mtu wa Ndanai asisafiri nusu siku kwa kazi ya dakika tano.

Bima nazo. Bima nyingi za afya huyaweka meno ya bandia kwenye fungu la vitu visivyolipiwa, jirani na urembo. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, mwezi Oktoba 2024, tumebishana sana kuhusu figo, saratani na uzazi, na ni haki tubishane. Ningependa mtu fulani kwenye vikao hivyo aulize pia mzee asiye na meno anakula nini. Nyama haiwezi, mahindi hayawezi, karanga haziwezi, matunda magumu hayawezi. Anabaki na uji, ugali na chai yenye sukari, na akiwa na kisukari chakula hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Kuliita hilo urembo ni dharau.

Wako pia matapeli, watu wa mkoba na koleo wanaotengeneza meno sebuleni. Baraza la madaktari, KMPDC, hutoa leseni ya kila mwaka kwa madaktari wa meno. Omba kuiona. Asiyetaka kuionyesha ana sababu.

Na sisi tunaolipa tusijitoe. Bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, kiasi cha wakulima wa Bomet na Kericho kuandamana. Pesa iliyopatikana kwa shida hiyo haifai kuishia kwenye leso. Kabla hujalipa, uliza ziara ngapi za marekebisho ziko ndani ya bei, na uandikiwe kwenye risiti. Nenda na mama siku ya nta. Mwezi wa kwanza waambie wa nyumbani wapike laini na wasicheke s yake.

Na siku ya kurudi kwa daktari, mwambie ayavae meno tangu jana yake, hata kama yanamuuma, anywe nayo chai na kula nayo asubuhi ile. Daktari hutafuta alama nyekundu kwenye ufizi ili ajue pa kukwangua, na meno yaliyoshinda wiki nzima kwenye leso hayaachi alama yoyote.